Lenzi kongwe za 135 na 200 kwenye kamera za dijitali: boke (ukungu wa mandharinyuma) nzuri, lakini kwa nini viduara vinakatika?

#1 FokasiMkono
Wakuu, salaam.

Naanza na hoja. Anayetaka kufifisha mandharinyuma kwa lenzi yenyewe, si kwa programu, atapata zaidi kwenye 135 f/2.8 ya zamani kuliko kwenye 50 f/1.4 mpya. Gawanya urefu wa fokasi kwa namba ya f upate kipenyo cha tundu la kupitisha mwanga: 135 kwa 2.8 ni mm 48, na 50 kwa 1.4 ni mm 36. Nukta ya taa iliyo mbali sana nyuma ya mtu huchorwa kama duara lenye upana huohuo wa tundu, ukilipima pale aliposimama mtu. Uso ukiwa na upana wa sentimita 15, duara la mm 48 ni karibu theluthi ya uso.

Sasa swali. Orestor 135/2.8 ya Meyer-Optik Görlitz, adapta ya M42 (lenzi za kufunga kwa nyuzi) kwenda Sony E, f/2.8, ISO 100, 1/4000, jua kali, nyuma kuna majani yanayong'aa. Viduara vingi vimekatika upande mmoja kwa mstari ulionyooka, vingine vina ukingo mweupe unaong'aa kuliko katikati. Kioo ni kisafi, hakina kuvu. Tatizo liko wapi?

#2 Zamaradi
Hilo ni jicho la paka, mkuu. Mwanga unaoingia kwa pembeni unakatwa na pete ya mbele na pete ya nyuma ya lenzi, kwa hiyo tundu lililokuwa duara linaonekana kama limao. Ncha za limao huzunguka katikati ya picha. Funga stopu moja (mwanga upungue nusu) hadi f/4 na mengi yatarudi kuwa duara, ingawa yatakuwa madogo.

#3 Pazia_la_Pili
> Zamaradi alisema: Hilo ni jicho la paka

Jicho la paka hukata kwa tao, halikati kwa mstari. Yeye anasema mstari ulionyooka.

Mkuu FokasiMkono, kabla hujailaumu lenzi tazama shata, yaani mapazia yanayopima muda wa mwanga kwenye sensa. Kwenye kamera nyingi zisizo na kioo cha kuakisi (mirrorless), pazia la kwanza ni la kielektroniki, yaani sensa yenyewe inaanza kupokea mstari kwa mstari. Pazia la pili ni la mekanika na limekaa milimita chache mbele ya sensa. Miale ya sehemu ya juu ya tundu na ile ya sehemu ya chini inalivuka pazia hilo kwa pembe tofauti, hivyo upande mmoja wa duara unapata muda mrefu kuliko wa pili. Kwenye 1/250 tofauti hiyo haionekani. Kwenye 1/4000 upande mmoja unafifia hadi unaonekana umekatwa.

Ingia kwenye menyu, zima pazia la kwanza la kielektroniki, piga tena picha ileile kwa shata ya mekanika kamili. Ukitaka kubaki nalo, funga kichujio cha kupunguza mwanga cha ND8 mbele (Orestor inachukua cha mm 55). Stopu tatu zinakushusha kutoka 1/4000 hadi 1/500 bila kugusa f/2.8.

#4 Darubini77
Nimekusoma vizuri, ila tupige hesabu. Pazia likivuka mm 24 za sensa kwa sekunde 1/250, kwenye 1/4000 mwanya ni kama mm 1.5. Tuchukulie pazia la mekanika liko mm 3 mbele ya sensa. Koni ya f/2.8 mahali hapo ina upana wa mm 1.1 hivi. Ni nyembamba kuliko mwanya, kwa hiyo utaona duara lenye upande hafifu na upande mkali, hutaona kukatwa wazi. Koni ya f/1.4 ina mm 2.1, hiyo inazidi mwanya, ndiyo inakatwa kweli. Malalamiko mengi ya jambo hili ni ya lenzi za f/1.4 na f/1.2. Kwa f/2.8 nina mashaka.

#5 Pazia_la_Pili
Hesabu nzuri. Lakini hizo mm 3 ni za kuchukulia tu; pazia likisogea mbele kidogo jibu linabadilika. Kuna na hili: kwa lenzi yake ya kisasa kamera hupanga mwendo wa pazia kufuatana na umbali wa tundu la nyuma (tundu linavyoonekana kutoka nyuma ya lenzi). Kwa lenzi ya M42 haina taarifa yoyote, inakisia. Ndiyo maana wengine wanaona hata picha nzima ni nyeusi zaidi upande wa juu au wa chini kwenye shata za kasi. Alizime pazia la kielektroniki, ajaribu.

#6 Mwanana
Nirudi kwenye hoja ya #1, maana haiko kamili. Duara huwa na upana wa tundu pale tu nyuma ikiwa mbali mno. Ikiwa karibu, zidisha kwa umbali wa mandharinyuma kutoka kwa mtu, gawanya kwa umbali wa mandharinyuma kutoka kwenye kamera.

Chukua fremu ileile: 50 mm ukiwa mita 1, 135 mm ukiwa mita 2.7. Ukuta uko mita 1 nyuma ya mtu. 50 f/1.4 inatoa 36 × 1/2 = mm 18. 135 f/2.8 inatoa 48 × 1/3.7 = mm 13. Hapo 50 imeshinda. Mandharinyuma yakiwa mita 10 nyuma, 50 inatoa 33 na 135 inatoa 38. Zinakutana karibu mita 4 nyuma ya mtu. Kwa hiyo ndani ya chumba 135 haikupi unachokitarajia. Uwanjani ndiyo mahali pake.

#7 FokasiMkono
Nakubali marekebisho, dada Mwanana. Asante. Nitajaribu shata kisha nirudi.

#8 Bleidi15
Kuhusu ukingo mweupe: Orestor ya priseti (tundu unalifunga mwenyewe kwa pete) ina bleidi 15, yaani vipande vinavyounda tundu, na wengi wanaisifu kwa sababu hiyo. Tair-11A ina 20, Jupiter-37A ina 12, Jupiter-9 ya 85/2 ina 15. Bleidi nyingi ndizo zinazotoa vile viputo, yaani viduara vyenye ukingo unaong'aa. Pentacon 135/2.8 za baadaye zina 6 tu, na boke yake haifanani hata kidogo. Anayenunua ahesabu bleidi kwanza.

#9 Mzee_wa_Sonnar
Mwanangu, hapana. Ukiwa umefungua lenzi hadi mwisho, bleidi zote zimejificha ndani ya pete. Hata lenzi ya bleidi 6 ni duara kamili kwenye f/2.8. Idadi inaanza kuwa na kazi ukifunga: kwenye f/4 na f/5.6 ile ya 6 inatoa pembesita na ya 15 inabaki duara. Hiyo ni faida kubwa, kwa sababu lenzi hizi zinakaza vizuri kwenye f/4 na ni raha kufunga bila kuharibu viduara. Viputo, hata hivyo, havitoki kwenye bleidi.

Viputo vinatoka kwenye namna lenzi ilivyosahihishwa. Miale ya pembezoni mwa kioo na ya katikati haikutani mahali pamoja. Ikisahihishwa kupita kiasi, mwanga unarundikana kwenye ukingo wa duara la nyuma ya fokasi. Hivyo ndivyo Trioplan 100/2.8 inavyofanya. Ni lenzi ya vioo vitatu tu, mpangilio uliobuniwa na Harold Dennis Taylor wa Uingereza mwaka 1893. Familia ya Sonnar ina tabia tulivu zaidi. Sonnar 135/3.5 ya Jena na Jupiter-37A zina vioo 4 katika makundi 3, na nyuma yake hulala laini zaidi.

Mtu asiniamini kwa maneno. Chukua tochi ndogo ya LED, ifunike kwa karatasi ya alumini, toboa kwa sindano, iweke mita 8 hadi 10 gizani. Fungua lenzi hadi mwisho. Peleka fokasi karibu, kama mita 2, upige. Hilo ni duara la nyuma. Kisha tochi iwe mita 2 na fokasi iwe mbali, upige. Hilo ni duara la mbele. Ukingo uking'aa kwenye la kwanza, kwenye la pili utakuta katikati ndiko kunakong'aa na ukingo unayeyuka. Hazing'ai zote mbili kwa wakati mmoja, na hilo ndilo linalokuonyesha kuwa bleidi hazihusiki. Picha hiyohiyo inafichua na mengine: vumbi, mikwaruzo, gundi ya kati ya vioo iliyoachana, na kioo kilichokaa upande, kwa sababu duara la katikati ya fremu litakuwa zito upande mmoja.

#10 Bleidi15
Mzee nimekuelewa, nakubali kwa f/2.8. Kwenye f/4 bado nasimama na bleidi zangu 15.

#11 Mzee_wa_Sonnar
Simama nazo, hapo huna mpinzani.

#12 Kichujio
Kuna sababu nyingine inasahaulika. JPEG ya kamera inaongezewa ukali, na ukali huo huweka mstari mweupe kwenye kila mpaka wenye tofauti ya mwanga. Ukingo wa duara ni mpaka kama mingine. Fungua RAW (faili ghafi ya kamera), weka ukali sifuri, tazama tena. Ukingo ukipungua nusu, nusu hiyo ilikuwa ya programu.

Tofautisha pia rangi. Lenzi kongwe nyingi hazikusahihisha rangi kwa kina cha fokasi: viduara vya nyuma huwa na ukingo wa kijani, vya mbele wa zambarau. Hilo halitoki kwa kushusha ukali. Linapungua kwa kufunga hadi f/4, au kwa kutopiga matawi makavu dhidi ya anga jeupe.

#13 Nyuzi42
Wakuu, kuna adapta ya M42 kwenda Nikon F ya DSLR, adapta yenyewe haina kioo cha kurekebisha ndani. Nasikia fokasi haifiki mbali. Ni kweli ni ya kutupa?

#14 Darubini77
Kwa lenzi pana ni ya kutupa, kwa 135 siyo. M42 inahitaji mm 45.46 kutoka flanji (uso wa kufungia lenzi) hadi filamu, Nikon F ina 46.5. Lenzi inakaa mm 1.04 mbele zaidi ya inavyotakiwa. Umbali wa mwisho wa fokasi ni takriban mraba wa urefu wa fokasi ugawanywe kwa nyongeza hiyo. Helios 58 mm inaishia mita 3 hivi. 135 inaishia mita 17. 200 inaishia mita 38. Unene wa flanji ya adapta unaongezeka juu yake: nyongeza ikifika mm 2, 135 itaishia mita 9. Kwa picha za watu bado inatosha kabisa. Zile zenye kioo cha kurekebisha zinafika mbali, lakini kioo hicho kidogo kinalegeza picha ukiwa umefungua tundu, yaani palepale unapoihitaji lenzi.

Canon EF ina mm 44.0, kwa hiyo M42 inakaa bila shida na adapta ni pete nyembamba ya mm 1.46. Canon FD ndiyo yenye matatizo kwenye EF, maana yenyewe inataka 42.0. Kwenye kamera zisizo na kioo zote zinaingia: Sony E ni 18.0, Nikon Z 16.0, Canon RF 20.0, Fuji X 17.7.

#15 Nyuzi42
Shukrani. Na kamera inakataa kupiga, inasema hakuna lenzi.

#16 Zamaradi
Kwenye zisizo na kioo tafuta kwenye menyu kipengele cha kuruhusu kupiga bila lenzi, ukiwashe. Tumia hali ya A: wewe unafunga tundu kwa mkono, kamera inapanga shata. Kwa Nikon yako weka M. Miili ya daraja la chini ya DSLR za Nikon haipimi mwanga kwa lenzi isiyo na chipu, utapima kwa kujaribu na kutazama histogramu.

Kama mwili una kitulizi cha sensa, andika urefu wa fokasi kwa mkono. Andika 135, usizidishe kwa 1.5 hata kama sensa ni APS-C (ndogo kuliko fremu kamili). Ukibadilisha lenzi ukasahau kubadilisha namba, kitulizi kinakosea kipimo na picha inatikisika kuliko ungekizima.

#17 FokasiMkono
Nimerudi na majibu. Fremu ileile, ND8, 1/500, mekanika kamili: viduara vya katikati vimekuwa duara. Vya ukingo wa juu wa fremu bado vimekatika kwa mstari ulionyooka, vyote sambamba na ukingo wa picha. Vya pembeni kabisa ni limao. RAW bila ukali: ukingo mweupe upo, ila umepungua.

#18 Pazia_la_Pili
Kwa hiyo katikati ilikuwa shata.

#19 Darubini77
Au ilikuwa mwanga. Saa imesonga na jua limehama. Majani yanayong'aa si yaleyale. Rudia kwa tochi ya Mzee, 1/4000 na 1/500 bila kuhamisha chochote. Hapo nitasadiki.

#20 Mahameli
Mstari wa ukingo wa juu si shata wala jicho la paka. Tazama ndani ya adapta. Nyingi za M42 kwenda E zina urefu wa mm 27.46, na kwa ndani baadhi zina kizuizi cha mstatili cha kukata mwanga wa ziada. Fremu inayozunguka sensa ndani ya kamera nayo ni mstatili. Koni ya mwanga inayotoka nyuma ya lenzi ndefu inagusa ukingo huo kabla ya kufika kwenye sensa. Kwenye DSLR kazi hiyo hufanywa na chemba ya kioo. Dalili ni hii: mkato haubadiliki kwa shata, uko karibu na ukingo wa juu au wa chini tu, na ukifunga hadi f/5.6 unatoweka.

Ukiwa ndani ya adapta, shughulikia na rangi. Wanasema nyeusi, lakini ielekeze dirishani utazame kwa upande: unaona ukuta unang'aa kijivu. Lenzi ya M42 inarusha duara kubwa la mwanga kuliko sensa ya APS-C, ziada inagonga ukuta huo na kurudi kwenye sensa. Picha inakosa weusi, na watu wanasema lenzi kongwe hazina kontrasti. Kata ukanda wa mahameli nyeusi yenye gundi, upana mm 18 hadi 20, uzungushe ndani bila kufika kwenye nyuzi wala kwenye maunti (sehemu ya kufungia kamera). Kiungio kiwe chini. Puliza vizuri kabla ya kufunga, manyoya yaliyolegea yataishia kwenye sensa. Kisha weka hudi ndefu (kinga ya jua) mbele. Vioo vyenye tabaka moja la kinga haviwezi kuishi bila hudi.

#21 Mwanana
Mahameli amesema kweli kuhusu kontrasti. Watu wananunua lenzi ya tatu kumbe tatizo ni adapta.

#22 Grisi_Kavu
Wenye pete ngumu ya fokasi: msidondoshee mafuta kwa nje. Yanatambaa hadi kwenye bleidi, na mvuke wake unatanda kwenye vioo vya ndani. Kwenye lenzi ya priseti mafuta ya bleidi hayazuii kazi, kwa kuwa unazungusha kwa mkono. Kwenye lenzi ya oto yenye springi bleidi zinachelewa au zinagoma kabisa.

Dawa ni kufungua helikoidi (nyuzi zinazosogeza fokasi), kusafisha grisi iliyokauka na kupaka mpya kidogo. Kabla ya kutenganisha, peleka fokasi mwisho wa mbali na uweke alama za penseli kwenye sehemu zote mbili. Zungusha polepole, na pale nyuzi zinapoachana weka alama ya pili. Nyuzi hizi zina mianzo mingi. Ukirudisha kwenye mwanzo usio wake, pete itazunguka vizuri kabisa lakini fokasi haitafika mbali au itapita. Jupiter-9 inajulikana kwa kuwatesa watu hapo.

#23 Nyuzi42
Swali la pembeni: lenzi za kioo cha kuakisi za 500 f/8, zile MTO na Rubinar, zinafaa kwa boke ya kisanii?

#24 Mzee_wa_Sonnar
Tundu ni mm 62, kwa hiyo ukubwa wa duara unao. Shida ni umbo. Kioo kidogo cha mbele kinaziba katikati, kila nukta inakuwa pete. Taa za mbali juu ya maji zinapendeza. Nyasi na matawi zinageuka kuwa mistari miwili-miwili, nyuma inachosha jicho. Na huwezi kufunga tundu, f/8 ndiyo mwanzo na mwisho.

Kama unataka urefu, tazama Tair-3 ya 300/4.5. Bleidi 16, tundu mm 67, duara safi. Ila ishike kwa maunti yake ya stendi, kamera ining'inie kwenye lenzi. Ukifunga stendi kwenye kamera, uzito wote unakaa kwenye adapta na maunti.

#25 Kichujio
Kuna aliyeniuliza pembeni kuhusu adapta za kupunguza za 0.71 kwa APS-C. 135 f/2.8 inakuwa 96 f/2. Tundu linabaki mm 48 lilelile, hivyo duara pale aliposimama mtu halikui. Unachopata ni fremu pana na stopu moja ya mwanga.

#26 Bleidi15
Lakini APS-C yenyewe inapunguza boke, hilo halina ubishi.

#27 Mwanana
Ubishi upo. Ukisimama palepale, duara ukilinganisha na uso ni lilelile, umekata kingo za picha tu. Ukirudi nyuma upate fremu ileile, kwa taa za mbali sana duara bado ni mm 48. Linalopungua ni lile la vitu vilivyo karibu nyuma ya mtu. Weka mita 2.7 iwe mita 4, ukuta mita 1 nyuma: kutoka mm 13 unashuka hadi karibu 10.

#28 Bleidi15
Si ndiyo nimesema inapunguza?

#29 FokasiMkono
Tochi, karatasi ya alumini, tundu la sindano, kamera kwenye stendi. 1/4000 pazia la kielektroniki: duara la katikati lina upande mmoja hafifu, halikukatika wazi. 1/4000 mekanika kamili: sawa pande zote. Ukingo wa juu wa fremu: mkato upo kwenye zote mbili.

#30 Darubini77
Hafifu, siyo kukatika. Ndivyo hesabu ilivyosema kwa f/2.8. Basi kile kilichokatika wazi katikati ya picha ya kwanza bado hakijapata jibu.

#31 Mahameli
Hudi ilikuwa imefungwa sawasawa siku hiyo? Hudi ya mstatili iliyozunguka kidogo inakata pia.

#32 Pazia_la_Pili
Au majani yenyewe. Mng'ao wa jua kwenye jani lililofunikwa nusu na jani la mbele yake unatoa duara lililokatwa, na mkato unafuata ukingo wa lile jani. Tochi haiwezi kuonyesha hilo. Weka hapa RAW ya kwanza, tukuze viduara vitatu vya katikati tuone kama mikato yote inaelekea upande mmoja.